Ekwasio ya degre ya tano: nani alisema haina njia?



Mu kalasi za juu kuna neno linalopita toka kinywa hadi kinywa: "Ekwasio ya degre ya tano haiwezekane." Wengine wanaongeza: "Basi juu ya nini tuteswe bule na hesabu?" Mimi nasema neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli inafunga akili kupita uongo mzima.

Degre ya pili, tuko na formula yake. Ya tatu na ya nne zilipata zao kule Italia, mu miaka ya 1500. Mwaka 1824 Abel wa Norway alihakikisha kwamba degre ya tano haina formula ya jumla inayotumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kutafuta mizizi tu. Galois, Mfaransa aliyekufa mwaka 1832 akiwa na miaka 20, alionyesha sababu. Lakini muangalie lile neno "tu". Mwaka 1858 Hermite aliijibu kwa chombo kingine, na mwaka 1884 Klein, Mjerumani, alitoa kitabu kizima juu ya njia ya ikosaedri. Mtu akishindwa kukata muti na kisu asiseme muti haukatike. Atafute shoka.

Ikosaedri ni nini? Ni umbo la nyuso 20 za pembe tatu, lenye ncha 12. Ukikata ncha zote unapata mupira wa football, si ule wa masashe na kamba, lakini ule wa vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita, namna ile Zaïre walicheza nayo kule Ujerumani mwaka 1974.

Ushike mikononi. Kila kipande cheusi kinaweza kuletwa juu, na kikiwa juu kinakaa kwa namna 5. 12 mara 5 ni 60: ndiyo mizunguko yote inayouacha mupira na sura ile ile. Sasa tafuta mishono inayokutanisha cheupe na cheupe: iko 30. Inagawanyika makundi 5 ya mishono 6, kila kundi limekaa sawa nyuso sita za sanduku. Upake kila kundi rangi yake. Ukizungusha mupira, rangi tano zinabadilishana nafasi. Majibu matano ya ekwasio yanaweza kubadilishana kwa namna 120, na nusu yake ni hizi 60 za mupira. Zile 24 za degre ya nne zinavunjika hatua kwa hatua. Hizi 60 zinakataa kuvunjika. Ndiyo sababu mizizi inashindwa. Klein hakujaribu kuzivunja. Alipinda ekwasio mpaka ikaingia mu ekwasio ya ikosaedri, yenye majibu 60. Ukipata moja, mizunguko inakupa mengine yote.

Najua mtasema: "Hiyo haitoke mu ekzameni ya Leta." Kweli, haitoke. Lakini mu mwaka wa masomo 1963-1964 profesa Arnold alifundisha wanafunzi wa sekondari kule Moscow juu ya nini mizizi inashindwa. Mmoja wao, Alekseev, alitoa masomo hayo mu kitabu mwaka 1976, na ndani yake kuna mizunguko ya dodekaedri, ndugu ya ikosaedri. Mwaka 1997 Shurman aliandika njia ya Klein kwa wanafunzi wa universite. Wale wa Moscow walikuwa vijana sawa sisi. Walichopata ni mwalimu aliyewaonyesha sababu, si formula ya kukariri.

Wenzetu wangapi wanakimbia hesabu juu ya neno "haiwezekane"? Ombi langu kwa walimu na kwa wakubwa wa kalasi ya sita: siku moja mchana tupewe mupira wa masomo na kalamu za rangi tano, tuelezane kwa Kiswahili chetu, halafu tuandike kwa Kifaransa. Na mtu akisema tena "haiwezekane", tumuulize: kwa chombo gani?