Msipunguze Nguvu, Pandisheni Gharama!

Jamani, acheni kuniambia nipunguze nguvu za silaha ya kupasua sayari. Nilipunguza mara moja kwenye gemu ninayoiandika. Matokeo? Hakuna aliyeijenga tena. Imegeuka fataki!

Tazameni Stellaris. Mwaka 2018, nyongeza yake ya Apocalypse ilileta Colossus, meli ya kuangamiza sayari. Unaruhusiwa moja tu, haiwezi kupiga meli nyingine, na huchukua muda kabla ya kufyatua. Bila ulinzi, umeipoteza. Nguvu imebaki, gharama imepanda.

Mimi naongeza gharama nyingine. Hapa Mandera mfugaji anajua: ukifukia kisima cha adui, kiangazi kikija ngamia wako watakunywa wapi? Basi anayepasua sayari naye akose chakula chake. Hiyo ndiyo mizani. Mnabisha?