Mbwa wa Mtaani ni Jukumu la Kaunti, Tuidai



Kama unatoka kwako Bondeni ama Kaptembwa kwenda swala ya Alfajiri, hii hali unaijua. Giza bado, barabara tupu, na mbwa sita saba wamelala kando ya taka. Wewe mkubwa unaokota jiwe, unapita. Mtoto wa miaka saba anayeenda madrasa na juzuu mkononi, yeye ataokota nini?

Mtoto wa jirani yetu aliumwa mguu akitoka madrasa. Mamake akamkimbiza kituo cha afya, akaambiwa chanjo hakuna, akanunue nje. Tukachangishana kwa grupu ya WhatsApp hadi pesa ikatosha. Alhamdulillahi, mtoto ni mzima. Lakini uhai wa mtoto haufai kungoja mchango.

Kichaa cha mbwa si mchezo. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani linasema 99% ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Njia ya kukizuia inajulikana: mbwa 70% wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Kenya ilijiwekea mpango wa kuumaliza kati ya 2014 na 2030. 2030 ndiyo hiyo inabisha hodi.

Nani anawajibika? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Udhibiti na maslahi ya wanyama, pamoja na leseni za mbwa, ni kazi ya serikali ya kaunti. Si kazi ya imamu wala ya vijana wenye rungu. Nairobi ilitunga sheria yake ya mbwa mwaka wa 2015. Sisi tumuulize MCA wetu: wadi yetu imetengewa pesa ngapi za kuchanja mbwa?

Kuna wanaosema, "Mbwa ni najisi, hayo hayatuhusu." Ndugu yangu, najisi ni suala la twahara, haifuti haki ya kiumbe. Mtume (S.A.W.) alitueleza habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kutega sumu basi ni dini gani? Tena haisaidii. Inaua hata mbwa aliyechanjwa, taka inabaki pale pale, na wiki ijayo wanakuja wengine.

Na mbwa koko hawashuki kutoka mbinguni. Mtu anafuga wa kulinda boma, anazaa, watoto wanakosa mnunuzi, wanatupwa jaani. Ndiyo maana tunadai haya manne:

1. Chanjo ya bure ya mbwa kila mwaka, katika kila wadi.
2. Leseni kwa kila mfugaji, na masharti kwa anayezalisha mbwa wa kuuza.
3. Kuhasi mbwa wa mtaani na kuzoa taka kwa wakati.
4. Chanjo ya binadamu ipatikane katika vituo vya umma.

Kulalamika baraza ya chai hakutoshi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kupeleka ombi kwa serikali, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kulipeleka bunge la kaunti. Makadirio ya bajeti hufika bungeni humo kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo tukusanye sahihi mapema, baada ya swala ya Ijumaa, na tuwaite majirani Wakristo pia. Mbwa haulizi dini kabla ya kuuma.

La mwisho. Sote tumefunzwa kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba. Mfunze mdogo wako na hili: akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kesho.

Ukishasoma, mtumie mzazi mmoja. Halafu mtumie MCA wako.