Kikapu wanawake vyuoni Dodoma: Usihesabu watano wa kwanza, hesabu benchi

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, vijiwe vya wapenda kikapu Dodoma huwa na swali moja: mwaka huu senta ni nani? Yule dada mrefu wa mwaka wa tatu bado yupo au kashamaliza?

Swali si baya, lakini siyo lenyewe. Lenyewe ni hili: akishakaa huyo dada, nani anaingia?

Tuanze na hesabu, maana hapa watu wengi wanateleza. Mechi ya kikapu ni dakika 40, robo nne za dakika kumi kumi. Uwanjani wako watano. Kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa kila mechi. Akiwang'ang'ania watano wake wa kwanza kwa dakika 35 kila mmoja, zinabaki 25 tu kwa benchi nzima. Akiwa na dada wanne wa kuaminika nje, watano wa kwanza wanaweza kucheza 26 kila mmoja na hao wanne wakagawana 70, yaani zaidi ya 17 kila mmoja.

Kwenye mechi moja tofauti hiyo huioni. Ila michezo ya vyuo haichezwi mechi moja kwa wiki kama ligi ya mpira wa miguu. Unasafiri, unalala kwenye mabweni ya watu, unacheza leo, kesho na keshokutwa. Mechi tano za namna hiyo, yule wa dakika 35 ameshakimbia 175. Yule wa 26 amekimbia 130. Hizo 45 za tofauti ni zaidi ya mechi nzima iliyopo kwenye miguu yake.

Ndiyo maana timu inatawala siku mbili za kwanza, halafu kwenye nusu fainali mitupo inaanza kugonga ukingo wa mbele wa pete. Watu wanasema wamebweteka. Wapi! Wamechoka.

Theluthi moja inaondoka kila mwaka

Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianza 2007 na kilijengwa kwa lengo la kubeba wanafunzi 40,000. Kwa idadi hiyo, ungedhani kupata wasichana 12 wa kuvaa jezi ni kazi ya asubuhi moja. Lakini wingi wa wanafunzi haukupi benchi.

Digrii nyingi ni miaka mitatu. Maana yake timu iliyojengwa vizuri bado inapoteza karibu theluthi ya wachezaji kila mwaka, na wanaoondoka ndio wenye uzoefu. Kocha wa klabu anaweza kumsubiri mchezaji miaka mitano akomae. Kocha wa chuo akimpata binti anayejifunza mpira mwaka wa kwanza, anamtumia vizuri mwaka wa pili, anamtegemea mwaka wa tatu, halafu anampigia makofi kwenye mahafali.

Anayekaa muda mrefu ni binti wa udaktari, miaka mitano. Huyo ukimpata unafurahi kweli. Tatizo ni kwamba akifika miaka ya juu, ratiba yake inapangwa na wodi, siyo na filimbi ya kocha.

Halafu kuna kalenda. Likizo ndefu wengi wako field, wametawanyika mikoani. Wanarudi Oktoba au Novemba, wapya wanaingia na foleni za usajili, na michezo ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu, kwa kawaida huangukia Desemba. Hesabu mwenyewe: unabaki na wiki chache tu za kuwaona wapya, kuwachuja na kuwafundisha mfumo, huku majaribio ya darasani yanaanza.

Hayo ndiyo maandalizi ya msimu. Hakuna kambi ya mwezi mzima kama Simba na Yanga.

Wa netiboli ndio akiba yenyewe

Mabinti wapya wanatoka wapi? Wachache wamecheza kikapu UMISSETA. Wengi zaidi wametoka shule ambazo goli lililokuwepo lilikuwa la netiboli. Makocha wanalijua hili, na kila mwaka wanakwenda kuchungulia uwanja wa netiboli kuona nani ana urefu na mikono mizuri.

Na binti wa netiboli anakuja na vitu vizuri. Anadaka. Anatoa pasi ya haraka kwa sababu alipotoka haruhusiwi kukaa na mpira. Anajua kusimama mahali penye nafasi. Mfungaji wa netiboli ana mkono laini kuliko wengi, maana goli lake halina ubao nyuma: amezoea kuingiza moja kwa moja.

Ila kuna vitu viwili havipo, na ndivyo vinavyomweka benchi. Kwanza, kudunda mpira akiwa anakimbia, kichwa juu. Pili, kugusana. Kwenye netiboli beki anatakiwa akae futi tatu kutoka kwa mwenye mpira. Kwenye kikapu, chini ya pete hakuna hizo futi tatu. Kuna viwiko, nyonga na mgongo wa mtu. Binti anayeogopa kubanwa hapati ribaundi hata awe mrefu vipi.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha maandalizi: kati ya mabinti wa netiboli waliokuja wiki ya kwanza, wangapi wanagombania ribaundi wiki ya nne? Wakiwa watatu, timu ina benchi. Akiwa mmoja, jiandae kuona watano wale wale mpaka wadondoke.

Kuna kundi jingine ambalo zamani lilikuwa linapotea kabisa. Mpaka 2017 sheria za shirikisho la kikapu duniani, FIBA, zilikuwa haziruhusu kuvaa hijabu kwenye mechi. Ruhusa ilianza kutumika Oktoba mwaka huo, baada ya kelele za muda mrefu za wachezaji akiwemo Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani aliyecheza kikapu cha vyuo akiwa na hijabu, kisha akazuiwa mlango wa kucheza kulipwa nje. Kwa chuo kinachopokea mabinti kutoka Kondoa, Tanga, Zanzibar na kwingineko, hiyo siyo habari ndogo. Bahati mbaya bado utakutana na binti anayeamini hawezi kuchaguliwa kwa sababu ya kitambaa chake. Dada, unaweza.

Uwanja mmoja, jua moja

Anayeijua Chimwaga anajua umbali wake. Ndaki zimetawanyika kwenye vilima. Kutoka CIVE kwenda Ndaki ya Elimu siyo kuvuka barabara; ni daladala, bodaboda, au mguu na vumbi. Timu moja inaweza kuwa na wachezaji wa ndaki nne, kila mmoja anatoka kipindini saa yake.

Wacha tuseme mazoezi ni saa kumi jioni. Mpaka wote wafike ni kumi na moja kasoro. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Uwanja ukiwa hauna taa, na wanaume nao wanautaka, dada zetu wanabaki na saa moja ya maana. Kwenye saa hiyo kocha hufanya kinachoeleweka: anawanoa watano wa kwanza. Wa benchi wanashika maji.

Angalia pia mpira wenyewe. Wanawake wanacheza na namba sita, wanaume namba saba, ambayo ni kubwa na nzito zaidi. Ukipita uwanjani ukakuta dada wanafanya mazoezi na namba saba ya kuazima, usishangae Desemba mitupo yao ikipita juu.

Na tumbo, tusilisahau. Boom, yaani posho ya kujikimu ya mkopo, ilipandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ndani yake kuna chakula, nauli na mahitaji mengine. Binti wa kikosi cha kwanza ana sababu ya kujibana aje mazoezini. Wa kumi kwenye orodha, ambaye hana hakika hata ya kupewa dakika mbili, ana sababu gani? Boom likichelewa, wa kwanza kutoonekana ni huyu. Benchi huanza kupungua hapo, kabla kocha hajamwacha mtu yeyote.

Wenzetu wanafanyaje

Dar es Salaam, UDSM Queens wanacheza ligi ya mkoa, BDL, na kukutana na timu kama JKT Stars, Vijana Queens na DB Lioness. Wanaweza kufungwa, tena vibaya, lakini mchezaji wao wa nane anapata dakika dhidi ya askari waliokomaa. Kenya, Zetech Sparks ni timu ya chuo na iko ligi kuu ya wanawake. Uganda, Lady Canons wa UCU Mukono wamewahi kubeba ubingwa wa taifa wakiwa wanafunzi.

Dodoma hatuna wingi huo wa timu za wanawake. Lakini tuna UDOM, St. John's, CBE na Mipango, wote ndani ya mji mmoja. Mechi za kirafiki za Jumamosi kati ya hawa zingegharimu nauli ya daladala tu. Na kwenye mechi hizo kocha angeweza kufanya kile asichothubutu kufanya Desemba: kuwaanzisha wale wa benchi na kuwaacha wakosee.

Kwa hiyo matarajio yangu ni ya wastani. Watano wa kwanza wazuri Dodoma itakuwa nao, huwa hawakosekani. Kupita makundi siyo ndoto. Kwenda mbali zaidi kutategemea majina ambayo sasa hivi hayatajwi kijiweni.

Ukienda kuangalia mechi ya kwanza, usikodoe macho robo ya kwanza. Subiri ya pili, pale nyota atakapopata faulo ya tatu na kocha kulazimika kumtoa, maana ya tano humtoa mazima. Mwangalie anayesimama kuvua fulana ya mazoezi, na uangalie kama wenzake wanampa mpira.