Bao Twalijua, Vipeo Twaviogopa

Yako mambo ambayo watu huyapuuza kwa sababu tu yamekaa katika daftari la mtoto wa shule. Moja ni hesabu ya vipeo, yaani ile namba ndogo inayopandishwa begani mwa namba kubwa. Mzazi akiiona hufunika daftari akasema, "Hayo ni ya wasomi." Sisi tunaofanya kazi ya Chama hapa Zinga, nasi tulipita chuo cha ualimu kabla ya kuishika kazi hii, twasema hayo si ya wasomi peke yao. Ni mambo ya kiwanja na deni, na asiyeyajua huliwa mchana kweupe.

Tuanze na kiwanja. Tangu Dar es Salaam ilipoanza kutanuka kuja kaskazini, na zaidi tangu mwaka 2013 yalipotiwa saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa ya Bagamoyo, wanunuzi wa ardhi wamekuwa wakipita huku. Mwaka 2019 mpango wa bandari ulisimamishwa, lakini wanunuzi hawakusimama. Basi tuseme mzee wetu ana eneo la hatua 40 kwa 40. Mnunuzi amwambia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Jirani yako ana hatua 20 kwa 20, nimempa milioni mbili. Chako ni mara mbili ya chake, pokea milioni nne." Mzee aitikia marahaba, apokea, tena ashukuru. Lakini 20 mara 20 ni 400, na 40 mara 40 ni 1,600. Chake si mara mbili, ni mara nne. Upande ukizidi mara 2, eneo huzidi kwa kipeo cha pili cha 2. Milioni nne nyingine zimekwenda na mnunuzi, wala hakuna mwizi aliyevunja mlango.

Deni nalo ni baya zaidi, kwa kuwa kiwanja hukaa mahali pake lakini deni hutembea usiku. Kila mtu ameisikia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mwanamke akopa shilingi 100,000 atengeneze biashara yake, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Asipolipa, riba yaongezwa juu ya deni, na mwezi ujao riba nayo yazaa riba. Mwezi wa kwanza 120,000. Wa pili 144,000. Wa tatu 172,800. Wa nne 207,360. Angalieni: kwa miezi minne tu deni limepita maradufu. Mwaka una miezi minne mara tatu, basi deni litajirudufu mara tatu: mbili, nne, nane. Kipeo cha tatu cha 2 ni 8. Ukipiga hesabu kamili utapata 891,610 mwisho wa mwaka. Yeye alidhani kila mwezi ni 20,000 tu, na kwamba mwaka mzima akishindwa atadaiwa 340,000. Tofauti ya zaidi ya laki tano kati ya hesabu yake na hesabu ya mkopeshaji ndiyo somo la vipeo ambalo hakufundishwa.

Serikali haikukaa kimya, na ni haki kusema hivyo. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, na Novemba 2024 ilipiga marufuku majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu yaliyofanya kazi bila kibali. Kwa asilimia 3.5, laki ile ile ikikaa mwaka mzima bila kulipwa huwa kama 151,100. Lakini polisi hawezi kukaa katika kila simu. Mtu akijua mwenyewe 1.2 ikijizidisha mara kumi na mbili inafika wapi, hatatia kidole gumba chake mahali pale.

Sasa twende darasani. Vipeo hufundishwa katika Kidato cha Pili, na jinsi vinavyofundishwa mahali pengi ni jambo la kusikitisha. Mwalimu aandika kanuni ubaoni: ukizidisha, jumlisha vipeo, ukigawanya, toa, namba yoyote isiyo sifuri kwa kipeo cha sifuri ni moja. Watoto waimba. Mtihani waja, nao waandika kwamba kipeo cha tatu cha 2 ni 6, kwa kuwa wamezidisha mbili kwa tatu. Waandika kwamba 2 kwa kipeo cha sifuri ni sifuri, kwa kuwa sifuri wameiona hapo. Hatuwacheki. Mtoto aliyepewa kanuni bila sababu hana pa kurudi akiisahau. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa kama robo tu ya waliofanya. Robo tatu ya watoto wa nchi hawawezi wote kuwa wajinga. Akili wanazo. Tulichowanyima ni maana.

Na maana iko barazani. Bao la Kiswahili lina safu 4, kila safu mashimo 8. Nne ni kipeo cha pili cha 2, na nane ni kipeo cha tatu cha 2. Zidisha 4 kwa 8 upate mashimo 32, na 32 ni kipeo cha tano cha 2. Mbili na tatu, tano! Hapo mtoto ameona kwa macho kwa nini vipeo hujumlishwa: mbili zilizojizidisha zilikuwa mbili upande huu na tatu upande ule, zikakusanywa safari moja. Kete za bao ni 64, kipeo cha sita cha 2. Katika bao la kujifunza kila shimo hupewa kete ngapi? Mbili. Basi 64 umezigawanya kwa 32, na sita ukatoa tano ukabaki na moja. Sasa mwambie mtoto atumie kete 32 tu kwa mashimo 32. Kila shimo litapata moja. Tano ukitoa tano ni sifuri, na hilo ndilo jibu la fumbo lililowasumbua: kipeo cha sifuri ni moja, kwa sababu kitu kimegawanywa kwa kiasi chake chenyewe. Punguza tena kete ziwe 16, kila shimo lina fungu la nusu, na umeingia katika vipeo hasi bila mtu kutoka jasho. Wazee wa pwani hii wamecheza juu ya hesabu hii vizazi na vizazi, na wajukuu wao wanaambiwa ni elimu iliyokuja kwa meli.

Liko tatizo la lugha pia, nasi hatutalizunguka. Mtoto asoma hesabu kwa Kiswahili shule ya msingi, ajua kipeo, ajua kipeuo. Aingia sekondari, vitu vile vile vinabadilishwa majina kwa siku moja, na mwalimu anayefafanua kwa Kiswahili huonekana kama amevunja mwiko. Wako wanaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, basi tutawaponza watoto. Hoja hii si ya kutupwa, maana mtihani kweli ni wa Kiingereza. Lakini mtoto aliyekwisha elewa kitu kwa lugha yake atalishika jina la kigeni kwa wiki moja, na asiyekielewa atakariri majina miaka minne na asiwe na kitu. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu kabla ya kuongoza nchi, kisha akafasiri Shakespeare kwa Kiswahili. Lugha iliyombeba Shakespeare yashindwaje kuubeba mkopo wa laki moja?

Tunachotaka ni kidogo. Wakaguzi wa shule wasimkemee mwalimu anayeeleza sababu kwa Kiswahili kabla ya kutaja kanuni kwa Kiingereza. Wazazi nao waache kumwambia binti kwamba hesabu si zake, maana wakopaji wengi wa fedha hizi ni akina mama. Na vijana wetu waliomaliza sekondari, ambao jioni hukaa pale njia panda wakitazama pikipiki, waje ofisi ya tawi wawafundishe wadogo zao. Ubao upo. Chaki tutatafuta. Tunalohitaji zaidi ni bao zima lenye mashimo 32 na kete zake 64 zisizopungua, maana lile la ofisini kete zake tisa hazijulikani zilikokwenda.