Ni Nani Atakayebaki na Mtoto?

Watu wengi, wakisikia ya kwamba mtoto amezaliwa na mguu uliopinda, huuliza kwanza ni nani aliyewatenda wazazi jambo lile. Wachache huuliza ni hospitali gani ifaayo. Swali la tatu, ambalo ndilo gumu kuliko yote, halikumbukwi mpaka siku ile mama anapotazamiwa kurudi kazini: ni nani atakayebaki na mtoto?

Ulemavu wenyewe si jambo la ajabu. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nao, na wavulana huupata zaidi kuliko wasichana. Unyayo hugeukia ndani, kisigino huvutwa juu, na karibu nusu ya watoto hao huwa wamepinda miguu yote miwili. Si laana, wala si kosa la mama aliyetazama kitu fulani alipokuwa mja mzito. Wale wanaosema hivyo wangefanya vema zaidi kama wangempa mama yule nauli ya kwenda hospitali.

Njia ya matibabu itumikayo sasa katika nchi nyingi ilianzishwa na Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani, tangu miaka ya 1940. Kwa muda mrefu madaktari wenzake hawakumjali, maana wao walipenda kukata kwa kisu. Lakini kabla hajafariki mwaka 2009 aliona njia yake imeenea hata Afrika ya Mashariki. Daktari huushika mguu wa mtoto kwa mikono, huugeuza kidogo bila kuushurutisha, kisha huufunga plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Baada ya siku saba plasta hutolewa, mguu huongezwa kugeuzwa, na plasta nyingine hufungwa. Kwa kawaida plasta tano au sita zatosha. Watoto walio wengi hukatwa kidogo ile kano ya nyuma ya kisigino, kisha hufungwa plasta ya mwisho ambayo hukaa majuma matatu.

Plasta hiyo ikitolewa, mguu huwa umenyoka kama mwingine wo wote, na hapo jamaa hushangilia na kudhani ya kuwa kazi imekwisha. Sivyo. Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini samaki akikauka hubaki vile alivyokunjwa, ambapo mguu wa mtoto hutaka kurudi ulikotoka. Kwa ajili hiyo mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma chenye upana kama wa mabega yake, ncha za viatu zikiwa zimeelekezwa nje. Viko vya namna nyingi. Kimoja kijulikanacho sana katika nchi zetu kilibuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, kwa ngozi na chuma vipatikanavyo papa hapa. Viatu hivyo huvaliwa saa 23 katika kila saa 24 kwa muda wa miezi mitatu. Baadaye huvaliwa usiku na wakati wa usingizi wa mchana tu, mpaka mtoto atimize miaka minne hivi.

Madaktari wa Iowa walichapisha mwaka 2004 habari za watoto 157 waliokuwa na miguu 256 iliyopinda. Katika kila watoto 100, 98 walinyoka miguu. Walipotafuta sababu ya mingine kupinda tena, hawakuiona katika wingi wa plasta, wala katika umri wa mtoto alipoletwa. Waliiona katika viatu visivyovaliwa kama ilivyoagizwa. Maana yake ni kwamba nusu ya pili ya matibabu haimo mikononi mwa daktari. Imo mikononi mwa yule anayeshinda na mtoto nyumbani.

Sasa yafaa kuhesabu majuma. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwanamume majuma mawili. Tuseme mtoto ameanza plasta akiwa na majuma mawili. Plasta sita zamfikisha juma la nane, na ile ya majuma matatu yamfikisha juma la kumi na moja. Likizo ya mama imebakiza siku chache, au imekwisha kabisa ikiwa aliianza kabla ya kujifungua. Hivi mama huwapo wakati wote wa plasta, ambazo kwa hakika hutengenezwa na daktari, naye huondoka wiki ile ile viatu vinapoanza. Mzazi asiyeyatazama majuma haya mapema atajikuta anamkabidhi mtoto kwa msichana aliyefika jana kwa basi.

Nyumba ya mfano ni hii: baba ni karani katika ofisi ya kaunti, mama ni karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mtoto wa kwanza ana miaka mitatu, na wa pili ndiye mwenye mguu. Baba, kama waungwana wengi, alitaka kuchukua likizo yake ya majuma mawili mara tu mtoto alipozaliwa, apokee wageni. Hilo ni jambo la heshima, lakini wageni hupokelewa na watu wengi. Katika nyumba kama hii ingefaa zaidi aombe siku chache za likizo yake ya mwaka wakati viatu vinapoanza. Mama naye ajue ya kuwa sheria ile ile inasema mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu amechukua ya uzazi, na mwajiri akikubali aweza kuziunganisha. Barua ya maombi iandikwe plasta ikiwa ya pili au ya tatu, siyo siku ya mwisho. Mkuu wa ofisi hupendezwa na karani anayemwarifu mapema.

Mke wa mkulima hana barua ya kuandika, na majani ya chai hayangoji. Walakini wanawake wanaochuma kwa zamu waweza kupatana kwamba siku ya kliniki mmoja amchumie mwenzake na kumtunzia mtoto mkubwa, naye alipe kazi hiyo siku nyingine.

Katika nyumba ile ya makarani, nyanya ndiye aliyeletwa kutoka shamba. Siku mbili za kwanza mtoto alilia sana, kama wanavyolia wengi, si kwa maumivu bali kwa kuwa hakuzoea miguu yake ifungwe pamoja. Baba aliporudi jioni aliviona viatu vimetundikwa msumarini.

"Mama, daktari alisema vivaliwe mchana na usiku," alisema.

"Mwanangu, mimi nimelea watoto saba," akajibu nyanya. "Mtoto akilia huambiwa pole, hafungwi chuma."

Ni vigumu kumjibu mzee kama huyo bila kumkosea adabu, tena anasema kwa huruma. Kijana asiye na busara angeleta ubishi. Huyu hakubishana. Siku ya kliniki alimpandisha mama yake kwenye gari pamoja na mkewe, na mhudumu wa kliniki akampa nyanya yule viatu, akamwomba avifunge kwa mikono yake mwenyewe huku akionyeshwa. Akaelezwa ya kwamba mtoto akifunguliwa kila aliapo, atajifunza kuwa kilio ndio ufunguo. Akaonyeshwa pia kukishika kile chuma na kukisukuma na kukivuta polepole, magoti yote mawili yakikunjwa na kunyoshwa pamoja, mpaka mtoto aone kuwa ni mchezo. Tangu siku ile nyanya akawa askari wa viatu, na wageni waliotaka kumwonea mtoto huruma walimkuta yeye mlangoni.

Penye yaya wa mshahara, mambo ni yale yale. Aletwe mapema, angalau plasta mbili kabla ya mwisho, afuatane na mama hospitali, naye afunge na kufungua viatu mbele ya mama mara nyingi mpaka mkono uzoee. Kuambiwa tu hakutoshi. Wakati wa plasta ajue kuvitazama vidole: viwe na joto, na kimoja kikibonyezwa kirudie rangi yake upesi. Vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, au vikianza kuzama ndani ya plasta, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala mama asingojwe atoke kazini. Plasta hailowi maji. Mtoto hupanguswa kwa kitambaa, na nepi hubadilishwa mara kwa mara.

Wakati wa viatu, soksi ziwe za pamba na zisiwe na mikunjo. Kisigino kikae chini kabisa ndani ya kiatu kabla mikanda haijakazwa. Ngozi ikiwa na alama nyekundu isipakwe mafuta, ijapokuwa kila mlezi mwema hukimbilia mafuta, maana hapo huzidi kuiharibu. Kama alama haziondoki au kuna malengelenge, kliniki iarifiwe. Chuma kivirigwe kitambaa, la sivyo mtoto atamwumiza mlezi magotini. Kumbeba mgongoni kwa namna iliyozoeleka si rahisi, na yaya aambiwe hivyo kabla ya kukubali kazi, kwa sababu mtoto asiyebebeka mgongoni huongeza kazi ya mchana kutwa. Ni haki mshahara wake uonyeshe hivyo.

Kisha iko ile saa moja. Viatu hutolewa saa moja tu kwa siku, kwa kuoga na kujinyosha. Yaya akimwogesha mchana na mama akamfungua tena jioni kwa kumtamani, saa zimekuwa mbili au tatu, na hakuna aliyekosa kwa makusudi. Katika nyumba ile walipatana kwamba saa hiyo ni ya mama: kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja. Mlezi wa mchana hana ruhusa ya kufungua ila kwa ajili ya kidonda, au pale mtoto alipovichomoa mwenyewe, naye huvirudisha mara moja.

Tena afundishwe mtu wa pili. Yaya aweza kuondoka mwisho wa mwezi bila kuaga, na nyanya aweza kuitwa shamba kwa msiba. Jirani mwaminifu, au shangazi wa mtoto, aonyeshwe kazi ya viatu hata kama hatahitajiwa.

Mtoto hukua haraka, na viatu havikui. Anayeona kwanza vidole vimepita ukingo wa kiatu ni yule anayevifunga kila siku, lakini mara nyingi hunyamaza akidhani wenye nyumba wameona. Basi mshahara ukilipwa kila mwisho wa mwezi, yaya aulizwe habari za vidole.