Kisomo cha Watu Wazima Kipimwe Upya

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Takwimu hiyo ina manufaa, ila ilipima ujuzi wa siku moja. Haikuweza kubainisha kama mtu yuleyule anaendelea kujifunza. Mchuuzi wa omena wa Homa Bay aliyejipatia Kiswahili sokoni, kisha akajua kutuma pesa kwa simu, amejielimisha mara mbili pasipo kuingia darasa la ngumbaru. Tumhesabu wapi? Naona watu walewale wapimwe tena baada ya miaka kadhaa, na mazungumzo ya Kiswahili yapimwe pia. Idara zetu zishiriki kuutunga mtihani huo. Elimu haina mwisho. Kipimo chake nacho kisikome.