Gavana Mbele ya Wapiga Kura

Miongoni mwa wana wa Kivu ya Kaskazini waliopata kukabidhiwa dhamana ya fedha za taifa, Pierre Pay-Pay wa Syakasighe anastahili kutazamwa kwa taamuli, kwa kuwa yeye aliyekuwa gavana wa Benki ya Zaire, benki kuu ya Kongo ya leo, tangu mwaka 1985 hadi 1991, zama ambazo Rais Mobutu hakutenganisha hazina ya taifa na mali yake mwenyewe, ndiye aliyesimama mbele ya raia tarehe 30 Julai 2006 kuomba urais, mmoja wa wagombea 33, akaambulia takriban asilimia moja na nusu ya kura.

Uchaguzi ule, kwa hakika, ulikuwa wa vita na amani kuliko wa noti, na watu wa Kivu walimpa Rais Joseph Kabila kura zao kwa shauku ya utulivu.

Hata hivyo, muuza duka wa Goma, ambaye hadi leo hukadiria bidhaa zake kwa dola madhali imani yake katika sarafu ya nyumbani iliteketea, ana haki ya kumwuliza kila gavana aingiaye siasani: nani alikuamuru uchapishe noti, nawe ulimjibu nini? Simkatazi mjuzi wa fedha kugombea. Namtaka aje na daftari lake wazi. Mwaka 2025, waasi wa M23 walipoutwaa mji huo wa Goma na benki zikafunga milango, tulikosa mwanasiasa wa kutueleza, kwa ilimu na bila hofu, amana zetu zingerudi kwa njia gani.